Rada ilikuwa inakufa kila tukizima mashine

Ukungu ukishuka baharini, kwanza napunguza mwendo, kisha kila baada ya dakika chache nazima mashine ili tusikilize. Honi ya meli huisikii vizuri mashine ikinguruma chini ya miguu yako. Sasa fikiria katika dakika hiyohiyo ya kusikiliza, rada nayo inazimika. Mimi na mjomba wangu tumeishi na hali hiyo karibu msimu mzima, wala sikujua kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Boti yetu ni ya futi 28, ina tanga na mashine ya dizeli. Rada ni ile ya vyombo vidogo: duara jeupe la plastiki juu ya mlingoti, waya mnene unaoshuka ndani ya mlingoti, na kioo karibu na usukani. Ukiiwasha inapasha moto vizuri, na katika hali ya kusubiri inakaa bila shida yoyote. Ukiiamuru irushe mawimbi ya redio ndipo huna uhakika nayo. Mara inafanya kazi saa nzima, mara inazunguka kidogo tu, kioo kinakuwa cheusi na kila kitu kinaanza upya.

Huko kuanza upya ndiko kulikonitisha. Magnetroni, kile kifaa kinachozalisha mawimbi, lazima ipate moto kwanza. Kwenye rada yangu ni sekunde 90, na ukijumlisha kioo kuwaka unakaribia dakika mbili. Meli inayokwenda maili 18 za baharini kwa saa, ndani ya dakika mbili imeshasogea zaidi ya nusu maili. Mwanzo wa dakika hizo nilikuwa na alama kwenye kioo, mwisho wake sijui iko wapi. Kanuni ya 7 ya zile kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini inakataza kabisa kuamua mambo kwa taarifa pungufu, hasa taarifa pungufu za rada. Nami nilikuwa nazo hizohizo.

Tulimwita fundi. Aliiwasha, akatazama kioo, akasema magnetroni imechoka, tununue nyingine. Hakupima kitu. Nilimshukuru akaenda zake, lakini jambo hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu magnetroni iliyochoka haizimi kioo. Ikichoka, picha inafifia polepole: vitu vya mbali vinapotea kwanza, unaongeza nguvu ya kupokea, na kinachoongezeka ni chengachenga tu. Yetu ilipokuwa hai ilikuwa safi kabisa. Boya la maili tatu lilionekana kama punje ya mchele, na wingu la mvua lilijitenga vizuri na mawimbi ya bahari.

Kulifungua lile duara juu ya mlingoti sikutaka. Ndani yake kuna umeme wa maelfu ya volti, na baadhi ya vipuri vinaweza kubaki na chaji hata ukishazima. Kama hujafundishwa kazi hiyo, usiingize bisibisi humo.

Aliyelifumbua fumbo ni mjomba, na hakugusa hata waya. Tulikuwa tunarudi, nikazima mashine ili tuingie kwa tanga, rada ikafa. Akasema, "Mwanangu, hii rada haifi ovyo. Inakufa ukizima mashine."

Nilisimama pale na kuirudia safari nzima kichwani. Ni kweli. Mashine ikiwaka, alteneta, ile jenereta inayozungushwa na mashine kuchaji betri, inasukuma volti 14 na ushee. Ikizimwa, rada inabaki na betri peke yake. Basi kuna mahali umeme ulikuwa unapotea njiani, na ile ziada ya alteneta ndiyo iliyokuwa ikificha upotevu huo.

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshapima. Mwanzoni kabisa niliweka mita kwenye plagi ya rada, ikasoma 12.6, nikaridhika. Nilipima rada ikiwa imezimwa. Bomba lililojaa uchafu ukilifunga mwisho lina presha kamili. Lifungue maji yapite ndipo utaona yanachuruzika. Umeme ni vilevile.

Safari hii mjomba alikaa kwenye kioo, mimi nikalala kifudifudi kando ya betri, mashine imezimwa. Rada katika hali ya kusubiri: betrini 12.5, kwenye plagi ya rada 11.9. Nikamwambia, "Mjomba, rusha." Betri ikashuka kidogo tu, 12.4. Plagi ikaporomoka hadi 9.9, kioo kikawa cheusi. Kitabu cha rada yetu kinataka volti zisipungue 10.8.

Volti mbili na nusu zilikuwa zinaliwa njiani. Nikaunganisha waya mrefu kwenye mita ili nipime upande mmoja mmoja, kila mara rada ikiwa inarusha. Kutoka kichwa chanya cha betri hadi waya mwekundu wa rada: 0.4. Kutoka kichwa hasi hadi waya mweusi: 2.1. Hapo panatakiwa pawe karibu na sifuri. Wengi tunakagua fyuzi, swichi na waya mwekundu, tunasahau kwamba umeme lazima urudi.

Nikaufuata waya mweusi kwa mkono. Chini ya mlingoti, nyuma ya ubao, kulikuwa na kiungo kilichozungushiwa utepe. Kilikuwa cha moto. Rada ile inakula kama ampea 4 ikirusha. Zidisha kwa volti 2.1, ni zaidi ya wati 8 zinazogeuka joto ndani ya kitu kidogo kuliko kidole gumba.

Nilizima kila kitu, nikang'oa waya kwenye betri, nikaukata utepe. Ulitoka na gundi inayonata na chumvi ya kijani ikimwagika kama unga. Ndani, kati ya nyuzi nyingi za shaba, zilizokuwa bado zimeshikana nilizihesabu tano. Nikakata, nikamenya, shaba nyeusi. Nikakata tena, bado nyeusi. Nilirudi nyuma karibu shibiri nzima ndipo nikaona rangi ya shaba yenyewe. Maji yalikuwa yanateremka na ule waya mnene wa mlingoti moja kwa moja hadi kwenye kiungo, kisha chumvi inapanda taratibu chini ya ngozi ya waya.

Nimeweka kipande kipya cha waya uliopakwa bati, vichwa vimebanwa kwa koleo lake, na juu yake ule mpira wenye gundi unaokaza ukipashwa moto. Waya wa mlingoti nimeuachia ulegee ufanye tumbo kabla ya kufika kwenye kiungo, maji yadondokee hapo chini.

Tulipima tena, mashine imezimwa, rada inarusha: upande hasi 0.1. Plagi 11.9, na haikutikisika. Upande chanya bado unakula 0.4, na nitaubadilishia waya mnene zaidi boti ikipandishwa nchi kavu.

Wiki iliyofuata ukungu ulitukuta nje. Mjomba alinyoosha mkono akazima mashine bila kuniuliza. Tulisikia honi, ndefu, upande wa kulia. Nilitazama kioo, nayo meli ilikuwa pale, maili mbili, inapita nyuma yetu.