Rubondo kwa basi na hema, bila ndege wala mfadhili

Watu wa Mwanza tuna tabia ya kuchangishana mwaka mzima twende Serengeti, wakati hifadhi nyingine tunayo humu humu ziwani. Saanane tumeshaizoea: unavuka, unapiga picha, unarudi. Lakini itaje Rubondo, ile hifadhi ya kisiwani humu Ziwa Victoria, uone kila mtu anavyogeuka mtaalamu. "Kule ni kwa wazungu, wanatua na ndege." "Mbung'o watakumaliza." "Hema kisiwani? Na mamba je?" Basi mimi nimekwenda, nimelala kwenye hema, nimetembea msituni kwa miguu, na mshahara wa mwezi ule haukuisha.

Mtaalamu wangu mkuu alikuwa shemeji. Aliwahi kufika Rubondo na msafara wa kikazi: gari la watu, boti ya watu, chakula cha watu. Mtu aliyebebwa namna hiyo njia ataijulia wapi? Lakini alivyokuwa akieleza, ungedhani kisiwa ni cha baba yake. "Shem, nyie nendeni Nkome tu. Mkifika saa nane, saa tisa, boti zimejaa, mnavuka." Akaongeza kwamba usiku kuna baridi, kwa hiyo tuvae jinzi nzito na masweta meusi. Hilo la jinzi nitalirudia.

Tukaenda Nkome kama tulivyoelekezwa. Kutoka Geita mjini tulipanda mchomoko, yale magari madogo ya abiria, watu wanne siti ya mbele, hema limenilalia mapajani. Saa tisa tupo mwaloni. Ziwa halitaki mchezo. Mawimbi yanapanda mchangani, upepo unapeperusha mchanga, na akina mama wanakimbizana kuanua dagaa kabla hawajageuka kokoto. Nikamwuliza mama mmoja muuza chai boti za Rubondo zinapatikana wapi.

"Saa hizi, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Tumeambiwa saa tisa."

Alicheka mpaka akaweka birika chini. "Ziwa linavukwa asubuhi. Saa hizi hata wavuvi wenyewe wamelala."

Hapo akajitokeza kijana mmoja na mtumbwi wake. Dada msiwe na wasiwasi, nawavusha, nawashusha sehemu hata askari hawawaoni. Nikamwuliza jaketi za kuokolea ziko wapi. Akaninyooshea kidole kwenye dumu la njano la mafuta ya kula, tupu, limefungwa kamba. "Hilo moja linabeba watu wawili," akasema, uso mkavu kabisa. Tulikuwa watano. Na achana na dumu: maji yanayozunguka Rubondo nayo ni hifadhi, mtumbwi wa kuvizia ukikamatwa huko huna maelezo. Tukalala gesti iliyopakana na baa, muziki mpaka majogoo. Kulipokucha upepo uko vile vile, na boti halali iliyopatikana, mwenyewe alitaja bei nikahisi anauza na injini yake. Tukanunua dagaa, tukarudi Mwanza. Shemeji nilimpelekea kilo moja bila kusema neno.

Safari ya pili niliacha wataalamu, nikapiga simu hifadhini kwenyewe. Swali langu lilikuwa moja tu: upande gani una maji mafupi? Kasenda. Ni bandari ndogo karibu na Muganza, wilaya ya Chato, na kutoka pale mpaka kisiwani hata nusu saa haifiki, wakati Nkome ungekaa majini saa moja na zaidi. Na ukienda Muganza hubadilishi magari, maana mabasi ya Mwanza kwenda Bukoba yanapita pale pale. Sasa hivi kuna daraja la Kigongo–Busisi, kile kivuko na foleni yake kimebaki hadithi. Unashuka Muganza, unalala gesti ya elfu kumi na kitu, alfajiri bodaboda inakupeleka Kasenda ziwa likiwa limetulia.

Kuhusu hela: kiingilio cha raia si cha kukunyima usingizi, na kupiga kambi hivyo hivyo. Ila beba kitambulisho cha NIDA, usije ukaanza kujieleza kwamba babu yako alizaliwa Sengerema. Pesa taslimu hawapokei. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, kwa hiyo weka salio ukiwa bado bara. Kinachoumiza ni boti, kwa sababu boti hailipiwi kwa kichwa, inalipiwa yenyewe. Mkiwa wawili mnalia, mkiwa wanane mnacheka. Mimi niliwakusanya wenzangu wa ofisini, tukawekeana mchango wa kila mwezi kama wa harusi, na aliyechelewesha tulimpigia simu kama wa harusi.

Ng'ambo, gari la hifadhi lilitupeleka Kageye, yaliko makao makuu. Mnisamehe, ile sehemu ya kusimamisha hema siielezi, kila mtu anajua. Ila yale ya muhimu nitayasema. Upepo wa ziwa usiku una nguvu na mchanga haushiki. Nilikuwa nimebeba salfeti tupu za mchele. Unaijaza mchanga, unafunga kamba ya hema katikati yake, unaifukia mpaka magotini. Wenzangu walinicheka wakaendelea kugongea vile vichuma vyao. Usiku wa manane nasikia mtu anakimbiza turubai lake gizani huku anataja jina la Mungu.

Usiku huo huo kiboko alipanda kula majani karibu na kambi. Sauti yake ni ya mtu anayechana gunia jipya taratibu: chraa, kimya, chraa. Hutoki kukojoa, hata ubanwe vipi. Rubondo haina simba, chui wala fisi, ndiyo maana unaweza kutembea kwa miguu, lakini viboko na mamba ni wenyeji wa zamani wa pale. Kwa hiyo kuogelea sahau, hata maji yavutie namna gani.

Sasa jinzi. Alfajiri tulitoka na askari mwenye bunduki (bila yeye hutembei) kwenda kumtafuta nzohe, yule swala wa majini, kwenye matete. Tulimwona mmoja, jike, maji tumboni, ametulia kama hatuoni. Anapoinua mguu ndipo unaona zile kwato ndefu zilizopanuka zinazomzuia asizame kwenye tope. Mpaka hapo raha tupu. Tulipoingia msituni, mbung'o wakatukaribisha. Mbung'o si mbu. Anachoma kupitia nguo, na ukimpiga kofi anainuka tena kama hukumgusa.

Mimi nilivaa suruali ya kaki na shati la rangi ya udongo, kwa sababu nilishasoma kwamba mbung'o wanapenda bluu na nyeusi. Tena mitego yao wanayotundika mitini ni vitambaa vya rangi hizo hizo. Mwenzangu mmoja alifuata ushauri wa shemeji: jinzi ya bluu, sweta jeusi. Jamani! Alikuwa anatembea huku anacheza ngoma isiyojulikana kabila lake. Tulipokaa kula nikamwambia, "Kaka, una suruali nyingine?" Anayo, ya michezo, kijivu. Nikamwomba abadilishe, nikaichukua ile jinzi, nikamwomba askari ruhusa, nikaitundika kwenye tawi hatua kama ishirini hivi kutoka tulipokaa. Ndani ya dakika chache miguu ya jinzi ilikuwa na madoa yanayotembea. Sisemi waliisha kwetu, ila tulikula chapati kwa mikono miwili. Askari alicheka, akasema miaka yote ya kazi yake hajaona mtu amemtega mbung'o kwa suruali ya mwenzake. Kuichukua tulipomaliza ndiko kulikuwa kazi, na mwenye suruali alikataa kwenda.

Sokwe? Tulisikia makelele yao mbali, tukaona viota vya majani juu ya miti, basi. Usimwamini anayekuahidi utawaona. Msitu umefunika sehemu kubwa ya kisiwa na wao hawakai mahali pamoja. Lakini hadithi yao peke yake inatosha. Askari alitueleza tumekaa juu ya gogo: kati ya 1966 na 1969 Shirika la Wanyama la Frankfurt, lile la Profesa Grzimek, lilileta sokwe wasiofika ishirini kutoka Ulaya, wengi wamekulia kwenye vizimba vya kuonyeshea watu. Wakafunguliwa ufukweni, hakuna aliyewafundisha tunda lipi linaliwa. Wakajifunza, wakazaana, na wanaoishi humo leo ni kizazi chao. Tembo na twiga nao waliletwa, hata kasuku wengine waliokamatwa kwa walanguzi waliachiwa huko. Mwaka 1977 ndipo kisiwa kikawa Hifadhi ya Taifa.

Dada wa uhasibu akauliza, "Kwa hiyo nao ni wahamiaji?"

"Kasoro nzohe na viboko," askari akajibu. "Wengine wote hapa tumeletwa na kazi."

Chakula beba chote, na mtungi mdogo wa gesi, maana kuokota kuni hifadhini usifikirie. Kinachouma ni kwamba umezungukwa na sangara na huruhusiwi kutupa ndoano bila kibali cha kulipia. Sisi tulikula maharage tukiyatazama maji.

Siku ya kurudi, agizeni boti ya alfajiri ile ya kwanza kabisa. Mabasi ya kutoka Bukoba yanafika Muganza yameshajaa, na mkichelewa mtasimama mpaka Geita. Nimesimama, najua.