Jinsi nilivyopoza tangi la matumbawe msimu wa kaskazi

Hapa Mombasa, kaskazi likishika, maji ya tangi langu yalikuwa yakifika nyuzi 31 kila alasiri. Matumbawe ya nyumbani hustawi kati ya 24 na 27. Joto likizidi, huufukuza mwani mdogo unaoishi ndani yake na kuyalisha, yakabaki meupe. Ndivyo miamba mingi ya pwani yetu ilivyopauka mwaka 1998, na sikutaka kuyaona hayo sebuleni kwangu.

Mashine ya kupoza maji ni ghali na hula umeme mwingi. Kilichoniokoa ni feni mbili za kompyuta, za volti 12. Niliondoa kifuniko cha kioo, nikatandaza wavu ili samaki wasiruke nje, kisha nikazifunga feni ukingoni zipulize juu ya uso wa maji. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto, kama mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Joto lilishuka hadi 28. Nilipohamishia saa za taa usiku, likafika 27. Siku za unyevu mwingi hewani, feni hupoza pungufu ya hapo.

Zingatia hili sana: mvuke huacha chumvi nyuma. Kwa hiyo kila siku jazia maji safi yaliyochujwa, yasiyo na chumvi, mpaka alama ileile. Ukijazia maji ya bahari, chumvi itapanda na matumbawe yatakufa hata kama joto ni zuri.