Ninavyoandaa kumbukumbu ya rufaa ya madai

Kwa rufaa ya madai kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kumbukumbu ya rufaa ni kitabu cha nyaraka za kesi ambacho Mahakama ya Rufani hukisoma. Mimi huanza na barua, siyo majalada. Ndani ya siku 30 tangu hukumu nawasilisha notisi ya rufaa, na siku hiyohiyo nampelekea Msajili wa Mahakama Kuu barua ya kuomba nakala za mwenendo (maandishi ya yaliyotokea mahakamani), hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu). Mjibu rufaa naye apate nakala ya barua, asaini kwenye ile ninayobaki nayo. Wengi humpelekea notisi, ambayo ina siku zake 14, wakaisahau barua. Hapo cheti cha Msajili cha kuondoa siku za kusubiri nakala hakikusaidii, na siku 60 za kufungua rufaa zinakimbia tangu notisi ilipoingia.

Siku 90 tangu niombe nakala zikipita Msajili yuko kimya, sikai kusubiri: nina siku 14 za kuzifuata nakala mwenyewe.

Cheti nakisoma nikiwa bado dirishani. Tuseme notisi na barua viliingia 10 Machi, nikaarifiwa 20 Juni kwamba nakala ziko tayari. Cheti kiondoe 10 Machi hadi 20 Juni. Mwisho wangu ni 19 Agosti. Kosa la kawaida ni kuanzia tarehe ya hukumu, au kuishia siku niliyochukua nakala badala ya siku niliyoarifiwa. Kikiwa hivyo nakirudisha palepale.

Tuzo iwe na tarehe ileile ya hukumu, hata kama ilichapwa miezi baadaye.

Panaponila muda ni vielelezo. Napitia mwenendo na kalamu nyekundu. Kila penye "kimepokelewa kama kielelezo P1" (yaani ushahidi wa kwanza wa mdai) naweka alama, kisha natafuta karatasi yenyewe. Iwe ile iliyopokelewa, yenye maandishi ya mahakama, siyo kiambatisho cha hati ya madai kinachofanana nayo. (Viambatisho vinabaki na hati yake.) Kilichokataliwa hakigeuki kielelezo kwa kukichomeka katikati.

Namba za kurasa na fahirisi hufanywa mwisho. Ukizitanguliza, karatasi moja iliyosahaulika inavuruga zote. Nasaini uthibitisho kwamba kumbukumbu ni sahihi, nawasilisha pamoja na hati ya rufaa (yenye sababu za rufaa), na mjibu rufaa anapata zake ndani ya siku 7. Kabla jalada halijapoa nalipitia tena, maana waraka uliosahaulika naweza kuuongeza bila kuomba ruhusa ndani ya siku 14 tu tangu niwasilishe kumbukumbu.