Mbegu ya Mama

Kwetu Jambiani, Unguja, ukisema unasoma chuo, suali la pili ni "ukitoka utakuwa nani?" Anayesoma uuguzi hana tabu, wala anayesoma ualimu. Mie nasoma mambo ya mazingira na uendelevu, mwaka wa pili huu, na jibu bado sijalipata. Mzee mmoja ndani ya gari alinibana kwa suali hilo hilo. Nilianza kumweleza tupo Tunguu, tunapita Jozani bado naeleza, mwisho akaitikia kwa upole: "Ahaa, bwana afya wa taka."

Mama hajawahi kuniuliza. Yeye analima mwani, na nauli na madaftari yangu vinatoka humo.

Likizo ya kwanza nilirudi na maneno yangu mapya. Nikamkuta barazani anafunga mwani kwenye kamba, tai-tai, vile vikamba vya kufungia, zimemjaa mapajani. Nikamsomea ile tafsiri ambayo kila mwanafunzi wa fani hii huikariri, iliyotoka mwaka 1987 kwenye ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwe: maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima wajao uwezo wa kukidhi yao.

Hata hakunyanyua kichwa. "Si mbegu hiyo?"

Mwani haupandwi kwa punje. Ukivuna, unachagua vitawi vizima vizima, unavifunga tena kwenye kamba, unavirudisha baharini. Hiyo ndiyo mbegu. Aliyeanika wote akauza wote, bamvu lijalo, maji yakitoka sana tena, atakwenda kuomba kwa jirani, na jirani atampa huku anamtazama. Nikaliandika lile neno la mama, na darasani nikalitumia. Nilijiona nimemaliza kusoma.

Kumbe sijaanza. Mwani wa biashara uliletwa kwetu mwaka 1989 kwa mbegu za Ufilipino, na aina zilikuwa mbili: spinosamu, na kotonii ambayo bei yake nzuri zaidi. Mama alikuwa na kotonii. Mbegu yake hakuiuza hata mara moja, hata mwaka ule bibi alipolazwa. Ikafa vile vile. Matawi yaligeuka meupe, yakalainika, ukiyashika yanakatika mkononi. Wanawake wenzake wakasema hasadi, wengine wakasema sabuni za mahoteli. Darasani nikafundishwa kwamba ugonjwa huo huupata mwani uliochoshwa, na joto ni katika vinavyouchosha: maji yakitoka mchana, yale machache yanayobaki juu ya mchanga yanapigwa na jua mpaka yanachoma miguu. Bahari nayo imezidi joto kuliko zamani. Leo anafunga spinosamu, inayostahamili zaidi na inayolipa kidogo.

Hapo ndipo nilipokwama na ile tafsiri ya 1987, na mpaka leo nimekwama. Mama alitimiza kila sharti lake. Aliyepasha bahari joto si yeye, hana hata jokofu.

Masomo mengine nitayapitisha haraka. Takwimu ilinipa sapu, mtihani wa kurudia. Sheria niliipenda nisivyotarajia, maana nilijua kwamba Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Bara, na bado mifuko naiona kwenye mikoko. Kemia tuliachana kwa heshima.

Lililonirudisha kwa mama ni mada ya mwani wa maji makubwa. Dawa inayojaribiwa ni kuuhamishia kotonii kwenye kina kirefu, kwenye maji yaliyopoa, ndani ya nyavu za mviringo kama mikono ya kanzu. Kwa mmea, hoja haina kasoro. Lakini kwenye kina hakwendwi kwa miguu. Panataka chombo, na vyombo kwetu ni vya wanaume, na wanawake wengi wa rika la mama hawajui kuogelea. Kazi iliyowatoa jikoni kwa miguu yao itahamia kwa mwenye ngalawa. Nikasema nitaandika mradi wangu juu ya hilo.

Nikampigia simu mama kumweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Na wewe, unajua kuogelea?"

Nikamwambia sijui.

"Basi Jumamosi njoo, maji yakijaa. Na mie nifundishwe."