Matundu madogo, tumbo lilelile

Kwa miaka mingi niliwafunga kizazi mbwa jike kwa kuwapasua tumbo, na hatua iliyoniumiza moyo ilikuwa ileile kila mara: kuivuta ovari ije juu. Kano inayoishikilia karibu na figo hunyooshwa mpaka ikatike. Hata chini ya nusukaputi, nilikuwa nikiona mapigo ya moyo yakipanda papo hapo.

Sasa natumia kamera. Natoboa matundu mawili au matatu ya milimita 5 hadi 10, najaza tumbo gesi ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wake uinuke, kisha naiona ovari kwenye skrini, kubwa na angavu, ikiwa mahali pake. Hakuna kuvuta. Kifaa cha joto huziba mishipa ya damu na kuikata. Shinikizo la gesi tunalichunga sana, maana likizidi hubana kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na mnyama hupumua kwa shida.

Kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, mimi humshauri mwenye mbwa tulishone pia tumbo la chakula kwenye ukuta wa mwili siku hiyohiyo, lisije likajipinda baadaye. Nimeona mbwa wakifa kwa kujipinda huko, ndiyo maana nasisitiza.

Damu ikigoma kukoma, nafungua tumbo kama zamani, na mwenye mbwa namweleza hivyo kabla hajatia saini.

Wa wiki iliyopita alisimama jioni ileile, akanusa bakuli, akala.