Leo ilikuwa inaliaje?

Juzi nimekata simu tu, binti yangu akaniuliza, "Baba, mbona ukiongea na babu unafoka?" Nikamwambia sifoki. Hakuamini.

Mzee aliuza mashine ya kusaga mwishoni mwa 2011. Muulize mtu yeyote pale Makambako, atakwambia ni mgao wa umeme, na kweli mwaka ule mgao ulitunyoosha. Wengine watataja viroba vya sembe vilivyojaa madukani, au magoti yake. Mwenyewe husema yote matatu, kutegemea na anayeuliza. Mimi nilikuwepo Jumamosi ile.

Mzee alikuwa fundi wa sikio. Angeweza kuwa nje anakunywa chai, akasema "vinyundo vimekwisha" kabla hata hujauona unga. Siku hiyo madebe yamepanga foleni hadi barazani, anamimina mahindi ya mama mmoja, mashine ikaanza kukoroma. Mara ikapiga ukelele kama bati linaburutwa kwenye lami. Foleni nzima tukaziba masikio. Yeye anamimina tu, taratibu, huku anamsimulia yule mama habari za mbolea.

Nikakimbilia swichi.

"Nani kazima?" Alikuwa amekasirika kwelikweli. Hakuna aliyejibu. Akatutazama mmoja mmoja, mikono yetu bado iko masikioni. Ndipo akaingiza mkono kwenye unga, akausugua kwa kidole gumba, akatoa kipande cha chekeche kilichopinda kama ukucha. Akakitia mfukoni. Akampimia yule mama debe zima kutoka akiba ya nyumbani, akamfungia mwenyewe.

Jioni akaniuliza, "Leo ilikuwa inaliaje?"

"Kidogo tu, Mzee."

Sijui kwa nini nilidanganya. Akauliza kama ile kazi ya Dar nimeshaipata. Nikasema ndiyo. Hazikupita wiki mbili, ikaja Fuso kutoka Mafinga kuibeba, kwa bei ambayo mama hadi leo haitaji.

Kuna siku najiambia ningebaki. Halafu nakumbuka sijawahi hata kubadili mkanda bila kujibana vidole.

Jana nimempigia tena, safari hii mlango nimeufunga. "Mzee, unaikumbuka ile mashine?"

"Haijanyesha," akanijibu. "Tunaisubiri."