Baba na kile kidude cha ramani

Baba ana miaka 73 na gari anaendesha mwenyewe. Tangu dada yangu ahamie Bagamoyo, kila safari ya kutoka kwetu Chumbageni, Tanga, ilikuwa na simu mbili: "Nimefika Msata," halafu, "Mbona siioni njia ya kwenu?"

Nilianza kwa kumwekea ramani kwenye simu yake. Balaa. Mtu akipiga, ramani inapotea, na baba anapapasa miwani huku gari linatembea. Mama alishuka amenuna.

Basi nikaenda Dar kutafuta kifaa chenyewe cha kuonyesha njia (GPS), kile cha kubandika kwenye kioo cha mbele. Muuzaji akanisifia chenye kamera, redio na video. Nikamwuliza: mtu akibonyeza vibaya, anarudi vipi mwanzo? Akabonyeza mara nne, akapotea mwenyewe. Nikachukua cha inchi 7 kisicho na mbwembwe: ukikiwasha unaona vitufe viwili vikubwa, cha kuandika unakokwenda na cha kuona ramani. Na sauti yake ni kubwa, maana sikio moja la baba limechoka.

Kosa nililifanya mimi. Tulipokiwasha Tanga, kigari cha kwenye skrini kikawa kinaelea kwenye weupe mtupu. Ramani iliyokuwemo ilikuwa ya Ulaya! Kifaa hiki hakili bando, kinapokea satelaiti, lakini satelaiti inakupa mahali ulipo tu. Barabara lazima ziwe zimepakiwa ndani. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuonyeshe Segera kwenye ramani yake. Mimi nililipa fundi mwingine aniwekee ramani ya Tanzania kwenye kadi ya memori.

Baada ya hapo kikataka kumpitisha baba Pangani, avuke na pantoni hadi Bweni, kisha akatize Saadani. Kwa kilomita ni karibu, sikatai, ila si kwa mzee na Corolla yake. Nilikuwa nimekiacha kichague njia fupi. Nikazuia vivuko na barabara za vumbi, kikanyooka: Muheza, Segera, Mkata, Msata, halafu kushoto.

Mazoezi tulifanyia uani, gari limezimwa. Herufi zilipangwa kama za taipureta, nikazibadilisha zifuate A, B, C. Nikahifadhi sehemu tatu: nyumbani, kwa dada, na Hospitali ya Bombo. Kisha nikakunja mikono. Alikosea mara tatu, nami nikajiuma ulimi kwa kujizuia, ya nne akaandika Bagamoyo bila msaada. Kama angeshindwa, ningekirudisha dukani.

Sauti ni ya mama wa Kiingereza, Msata anaitamka kama jina la dawa ya minyoo. Baba anamwita "yule bibi". Juzi alinipigia akiwa ameegesha hapo Msata, anakunywa chai.

"Bibi anasema kushoto. Nilishajua, mwanangu, lakini nimemwacha aseme."